Pumzi Niliyoisingizia

Daktari aliweka vidole viwili shavuni mwangu, kando kidogo ya tundu la kulia la pua, akaivuta ngozi taratibu kuelekea sikioni, kisha akaniambia, "Haya, Mwalimu, vuta pumzi."

Nikavuta. Hewa ya Mbeya ya mwezi wa Julai, ile ambayo asubuhi huwafanya wanafunzi waingie darasani wameficha viganja ndani ya mikono ya sweta, iliingia yote kwa mkupuo mmoja, ikafika hadi nyuma ya macho. Tundu lile lilikuwa halijapitisha hewa ya namna hiyo kwa muda wa miezi 19. Daktari akaliachia shavu, hewa ikakatika. Akalivuta tena, hewa ikarudi.

Nililia mbele yake, na kwa dakika kadhaa sikuweza kumweleza ninalilia nini.

Sikuwa nimekwenda kuuliza habari za pumzi. Nilikwenda na bahasha yenye picha 11 za uso wangu, na nia yangu ilikuwa kumwomba bingwa huyo wa masikio, pua na koo anielekeze kwa mtu anayeweza kuirudia kazi iliyofanywa na mwenzake nje ya nchi, kwa sababu pua niliyoilipia kwa mkopo wa SACCOS haikuwa pua niliyoonyeshwa kwenye kompyuta kabla ya kulazwa. Aliitazama picha moja, akaiweka mezani, akaomba nivute hewa kwa pua nikiwa nimefunga mdomo. Ndipo akasimama na kuja na vile vidole viwili.

"Jaribio hili la shavu huwa linadanganya," aliniambia baada ya kunipa muda wa kujifuta. "Karibu kila mtu ukimvuta namna hii atasema anapumua vizuri zaidi." Akachukua kijiti chembamba cha chuma kilichoviringishiwa pamba kwenye ncha, akakiingiza kidogo tu ndani ya tundu, akauinua ukuta wa pembeni mahali pamoja, eneo lisilozidi ukubwa wa punje ya maharage. Nikavuta, hewa ikaingia. Akakisogeza kijiti juu kidogo, nikavuta, tundu likajifunga. Akakirudisha pale pa kwanza, likafunguka.

"Hapa," alisema. "Hapa palikuwa na kitu kilichoushikilia ukuta, na sasa hakipo."

Alinieleza kwamba hewa inapopita kwa kasi mahali pembamba huufyonza ukuta kuelekea ndani, na kwamba pua ya kawaida haijifungi kwa sababu gegedu la pembeni, ule mfupa laini, husimama imara kama mbavu za mwavuli. Langu lilikwisha kukatwa, kwa hiyo kadiri ninavyovuta kwa nguvu ndivyo ninavyojiziba, kama mrija laini unavyobonyea mtoto anapofyonza juisi kwa pupa. Dawa yake ni kupachika kipande kingine cha gegedu pale palipobaki patupu. Kipande hicho kina unene wake. Upande ule wa pua utajaa, na pua yote itaonekana pana kuliko ilivyo sasa.

Kisha akaniuliza swali ambalo nimetembea nalo kwa wiki saba.

"Nikikutafutia mtu wa kukurudishia pumzi, lakini upana ukarudi, utakubali?"

Nilimjibu kwamba nitafikiri.

Nyama za pua

Huku kwetu mtu akisema ana nyama za pua, hakuna anayemuuliza zaidi. Kila mtu anamjua shangazi au binamu aliyetolewa nyama za pua, na kila mtu anajua kwamba mwenye shida hiyo hukoroma, hulala mdomo wazi na huamka koo likiwa limemkauka. Hayo ndiyo niliyomwambia mkuu wa shule nilipoomba ruhusa. Hayo ndiyo niliyowaambia wenzangu wa kwaya. Na hayo ndiyo niliyomwambia Mama kwa simu, nikaongeza kwamba wakati mwingine usiku hujiona kama ninazama.

Hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Pua yangu ilipumua vizuri kabisa. Nilikuwa na miaka 32, nilikuwa nimeuchukia upana wake tangu nikiwa darasa la tano, na niliona ni afadhali nisingizie ugonjwa kuliko kusema mbele ya watu ninaowaheshimu kwamba nakwenda kukatwa kwa ajili ya sura.

Sasa ninakoroma. Ninalala mdomo wazi. Ninaamka koo limekauka, na hasa miezi hii ya baridi na vumbi, damu kidogo hutoka nikipenga kamasi. Kila nilichowaambia kimetimia, neno kwa neno, na wale waliosikia habari za nyama za pua hunipa pole na kusema kwamba nyama zile huwa zinaota tena.

Ndiyo maana swali la daktari lilinishinda kulijibu pale pale. Mtu mwingine angesema ndiyo bila kusita, kwa kuwa nani asiyetaka kupumua? Lakini mimi najua jinsi nilivyokwisha kuitumia pumzi kama pazia, na niliogopa kwamba ninalitundika pazia lile lile kwa mara ya pili: kwamba ndani yangu yumo mwanamke anayetaka kurudi kwenye meza ya upasuaji ili pua yake ipendeze, na amefurahi kupata sababu ambayo hata mchungaji ataiombea.

Kwa wiki za mwanzo niliwaza hilo tu. Sababu, au kisingizio?

Kilichokatwa

Wanaosoma hapa wengi wamekwisha kusikia habari za upasuaji wa pua, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo laiti ningeyajua mapema.

Pua yenye ngozi nene kwenye ncha, kama ilivyo yangu na za wengi wetu, haitii kisu jinsi pua yenye ngozi nyembamba inavyotii. Ukipunguza gegedu lililo chini yake, ngozi hainywei ili kulifuata. Inabaki na nafasi, na nafasi ile hujazwa na kovu, hivyo ncha uliyotaka iwe na umbo inakuwa duara lisilo na kona. Madaktari wanaozielewa pua hizi mara nyingi hufanya kinyume cha kile mgonjwa anachokitarajia: huongeza badala ya kupunguza, wakajenga nguzo ndani ili ngozi ipate kitu cha kuilalia. Wangu alipunguza. Alikata sehemu kubwa ya magegedu ya pembeni ya ncha, na akakata pia nyama chini ya matundu, kulia na kushoto, ili kuyafinya.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu tundu la pua lililofinywa kupita kiasi ni vigumu sana kulirudishia upana wake.

Wapasuaji wenyewe hutaja kwamba kati ya asilimia 5 na 15 ya wanaofanyiwa upasuaji wa pua hurudi kufanyiwa marekebisho. Niliiona takwimu hiyo kabla ya kwenda, nikaisoma kama mtu anayesoma habari za ajali ya barabara ambayo yeye haipiti.

Bado sijaona mtu aliyeandika ipasavyo juu ya kungoja. Unaambiwa usihukumu matokeo mpaka miezi 12 ipite, na kama ngozi ni nene, hata zaidi, kwa kuwa uvimbe wa nchani ndio wa mwisho kuondoka. Ushauri huo ni sahihi. Kovu changa likikatwa tena huleta madhara, na pua ya mwezi wa tatu si pua ya mwezi wa kumi na mbili. Lakini maana yake ni kwamba kwa mwaka mzima huruhusiwi kuomboleza wala kushukuru. Mwezi wa nne nilianza kuona upande wa kulia ukizama, nikawaandikia wale walionipasua. Jibu lilikuwa: subiri, ni uvimbe. Mwezi wa saba nikawaandikia kwamba napumua kwa tundu moja. Jibu lilikuwa lile lile. Mwezi wa kumi na tatu niliandika nikiwa na haki ya kulalamika kwa mujibu wa maneno yao wenyewe, na barua ile haikujibiwa.

Nilikuwa nimekaa mwaka mmoja nikimtazama mtu kwenye kioo na kujizuia kumjua.

Sentimita 30

Daktari wa Mbeya aliniuliza pia, siku ile ile, ninajitazama kwenye kioo mara ngapi kwa siku. Nilimwambia mara nne. Hakusema kitu, aliandika tu. Usiku, nikiwa kitandani, nilihesabu kwa uaminifu: kioo cha bafuni, kioo cha daladala kutoka Uyole, dirisha la ofisi ya walimu, simu ikiwa imezimwa, simu ikiwa imewashwa. Zilikuwa karibu mara 20, na hiyo ni siku ambayo nilikuwa na vipindi sita.

Najua kwa nini aliuliza. Kuna watu ambao shida yao haipo puani, ipo katika jicho linaloitazama pua, na watu hao wakipasuliwa mara kumi hawapati nafuu, bali kasoro huhama tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Daktari mwaminifu humtafuta mtu huyo kabla ya kuchukua kisu, na akimwona humpeleka kwanza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Niliogopa kwamba mimi ndiye.

Katika kutafuta jibu nilikutana na jambo lililonibadilisha zaidi ya nilivyotarajia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu walizopiga juu ya picha za simu. Waligundua kwamba uso ukipigwa picha kwa umbali wa sentimita 30 hivi, yaani urefu wa mkono unaojipiga picha, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inapopigwa kutoka umbali wa mita moja na nusu. Si kwamba simu ni mbovu. Pua ipo karibu na kamera kuliko masikio, na kitu kilicho karibu hukuzwa.

Nilisoma jambo hilo mara tatu. Kisha nilifungua bahasha yangu.

Picha zote 11 nilijipiga mwenyewe. Na picha niliyompelekea daktari yule wa kwanza, ile iliyowekwa kwenye kompyuta na kuchongwa mbele ya macho yangu hadi nikasema "ndiyo, hivyo", nayo nilijipiga mwenyewe, nikiwa nimenyoosha mkono, chumbani kwangu, chini ya taa.

Jumamosi nilikwenda Mwanjelwa kwa mpiga picha ambaye hupiga picha za pasipoti, nikamwomba asimame mbali, hatua mbili kamili, kisha asogeze picha kwa lenzi. Alishangaa lakini alikubali. Alinipiga mbele, kulia na kushoto, nikalipa, nikakaa kwenye benchi nje ya kibanda chake na kuzitazama huku bodaboda zikipita.

Pua niliyoiona ilikuwa nzuri kuliko ile niliyoibeba akilini kwa mwaka mzima. Ncha ilikuwa ya kawaida. Upana ulikuwa wa kawaida, na hapo nililazimika kujiuliza kama ulikuwa wa kawaida hata kabla ya kukatwa. Lakini upande wa kulia, juu tu ya tundu, palikuwa na shimo dogo lenye kivuli, kama alama ya kidole gumba kwenye unga uliokandwa, na shimo hilo halikutokana na lenzi yoyote. Lilikuwa mahali pale pale ambapo kijiti cha daktari kiliinua ukuta.

Kwa hiyo sehemu ya huzuni yangu ilikuwa ya kamera, na sehemu ilikuwa ya kweli. Tangu siku ile sijajipiga picha ya karibu.

Sauti ya pili

Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu wa Moravian. Mwalimu wetu wa kwaya ni mzee mpole ambaye ana jambo moja tu asilolisamehe, nalo ni mtu kukata sentensi ya wimbo katikati. Anataka tuvute hewa kwa pua kabla ya kuanza, kwa utulivu, na pale wimbo unapokwenda mbio anataka tuibe pumzi haraka bila kusikika.

Kuiba pumzi ndiko kulikonishinda. Nikivuta haraka, upande wa kulia unajifunga mara moja, na wa kushoto peke yake hautoshi. Nikivuta kwa mdomo, hewa ya baridi hukausha koo na sauti inakwaruza. Kwa mwaka mmoja nimekuwa nikiziacha silabi mbili tatu mwishoni mwa mistari mirefu na kuwaachia waliosimama kando yangu wazimalizie. Dada anayesimama kushoto kwangu alikwisha kulijua hilo. Hakuwahi kuniuliza, aliongeza sauti tu pale ninapoishiwa.

Alhamisi moja ya Agosti nilifanya jaribio. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alikuwa amenitumia kwa basi ule utepe wa kubandika juu ya pua ambao wanamichezo huutumia, wenye kipande kigumu ndani kinachozivuta kuta za pua zifunguke. Nilikuwa nimeujaribu usiku tatu mfululizo na kuamka mdomo ukiwa umefungwa. Alhamisi ile niliubandika, nikaufunika kwa kujifunga skafu hadi puani kwa kisingizio cha baridi, na tulipoanza kuimba nikaishusha skafu, nikaacha watu waone.

Niliifikisha mistari yote mwisho.

Hakuna aliyesema kitu juu ya utepe. Mwalimu wa kwaya alinitazama mara moja, akageuza ukurasa. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Soweto hapa Mbeya, usiku, nikivuta hewa kwa pua njia nzima, na nilikuwa na jibu la nusu moja ya swali langu. Ukosefu wa pumzi haukuwa kisingizio. Ulikuwepo, na ulikuwa na dawa.

Nusu ya pili haikujibika kirahisi, kwa sababu hata nikiwa na hakika kwamba sipumui, bado niliutaka uso mwembamba. Niliyataka yote mawili, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba moja litakula sehemu ya jingine.

Kuhusu kutaka kupendeza

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa kuwa ni rahisi kuandika kana kwamba kutaka pumzi ni utu uzima na kutaka sura ni upuuzi. Siamini hivyo.

Mwaka 1898, huko Berlin, daktari Jacques Joseph alisimama mbele ya chama cha madaktari wa mji wake na kueleza jinsi alivyoipunguza pua ya mwanamume mmoja ambaye, kwa aibu ya ukubwa wake, alikuwa ameacha kukaa na watu. Pua ile haikuwa na ugonjwa. Joseph alitetea kwamba nafuu ya moyo wa mtu ni sababu ya kutosha ya upasuaji, na mbinu zake zilienea duniani. Wengi waliomwendea baadaye walikuwa Wayahudi kama yeye, waliotaka kupita mitaani bila pua zao kuwasemea ni akina nani katika mji uliowadharau.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa pande zote mbili. Upande mmoja, siwezi kumwambia mtu yule wa Berlin kwamba aibu yake haikuwa maumivu ya kweli. Upande mwingine, najiuliza ni nani aliyemwambia kwamba pua yake ni kubwa, na ni nani aliyeniambia mimi, darasa la tano, kwamba yangu ni pana, wakati darasa zima lilikuwa na pua za aina moja. Aliyeniambia alikuwa mtoto mwenzangu. Yeye naye alikuwa ameambiwa na mtu.

Sijutii kwamba nilitaka kupendeza. Ninajutia kwamba nililificha jambo hilo, kwa sababu kwa kulificha nilijinyima watu wa kunihoji. Laiti ningemwambia mtu mmoja tu, labda angeniuliza yule daktari amekwisha kupasua pua ngapi zenye ngozi kama yangu.

Tukuyu

Mwishoni mwa Agosti nilikwenda Tukuyu kumwona Mama. Mvua ya kwao haijui kiangazi. Nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anamenya ndizi kwa ajili ya mchana. Nilimwamkia, nikachukua kisu kingine, nikakaa kwenye kigoda kando yake.

Lazima niseme jambo nililoliruka hapo juu. Nilipomwambia Mama habari za nyama za pua, alinitumia shilingi 150,000. Hakuwa nazo. Aliuza ndizi za msimu ule kabla hazijakomaa vizuri, kwa bei ya walanguzi wanaokuja na magari yao hadi shambani, na akaniambia nisizirudishe. Nilizipokea. Niliziweka pamoja na fedha za mkopo, na zote zikaenda mahali pamoja.

Nilimweleza yote, huku namenya ndizi na kuzitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Nilimweleza kwamba hapakuwa na nyama za pua. Nilimweleza nilichokwenda kukata. Nilimweleza habari za ukuta uliozama, za vidole viwili vya daktari na za swali lake. Mama hakuacha kumenya. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu ndizi zilizobaki.

"Na sasa hivi unapumua?" aliniuliza.

"Upande mmoja, Mama."

Akainua uso wake, akaitazama pua yangu kama mtu anayetazama jeraha la mtoto, bila hasira.

"Basi ile hela yangu bado haijafanya kazi yake," alisema. "Mimi niliitoa ili upumue."

Akarudi kwenye ndizi zake. Mpaka naondoka kesho yake hakulitaja tena, isipokuwa aliponifungia mzigo wa kurudi nao mjini aliniambia niwahi, nisiingoje baridi nyingine.

Kati ya yote niliyoyasoma na kuyapima katika wiki hizo, ni sentensi ile ya Mama iliyolitenganisha fundo. Yapo mambo mawili, na kila moja lina deni lake. La sura ni deni langu mwenyewe na ninaweza kuchukua muda wowote kulifikiria, hata miaka. La pumzi nilikwisha kulipokelea fedha.

Sikio

Likizo fupi ya Septemba nilisafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam kumwona mpasuaji ambaye daktari wa Mbeya aliniandikia barua ya kwenda kwake. Basi lilipoteremka Kitonga masikio yaliziba, nikafumba mdomo na kumeza mate hadi yakafunguka, na nikakumbuka kwamba safari hii kila mtu anajua ninakokwenda na kwa nini: mkuu wa shule, mwalimu wa kwaya, dada wa kushoto kwangu.

Mpasuaji alinionyesha njia mbili. Ya kwanza ni kubwa: kuchukua gegedu la ubavu na kuijenga pua upya kuanzia mgongoni hadi nchani. Ubavu una gegedu gumu na la kutosha, lakini una gharama zake, yaani kovu kifuani, maumivu ya wiki kadhaa, hatari ndogo ya kuutoboa utando unaozunguka pafu, na tabia ya gegedu lenyewe kujipinda polepole baada ya kupachikwa. Njia hii inaweza kunipa pumzi na pia umbo, bila uhakika wa umbo. Ya pili ni ndogo: kuchukua kipande kwenye bakuli la sikio, kwa kukata nyuma yake ambako hakuonekani, na kukipachika kwenye ukuta uliozama. Kipande cha sikio kina mviringo wa asili unaolingana na mviringo wa pua. Kinaleta pumzi. Na kinaleta ule unene.

Nilikuwa nimejiandaa kujadiliana. Nilikuwa na picha za Mwanjelwa, zilizopigwa kutoka mbali, na nilikuwa na maswali yangu kwenye daftari. Niliuliza amefanya pua ngapi za marudio. Niliuliza nini kitatokea kipande kikisogea au kikipata maambukizi. Niliuliza kama njia ndogo itaifunga njia kubwa baadaye, akanijibu kwamba haitaifunga, ila kila kisu huacha kovu na kila kovu huifanya kazi ya yule anayefuata iwe ngumu.

Alinijibu yote bila haraka. Kisha naye akauliza lile swali, kwa maneno karibu yale yale ya daktari wa Mbeya: upande wa kulia utajaa, na wa kushoto utalazimika kusawazishwa nao kidogo, kwa hiyo pua kwa jumla itakuwa pana kuliko ilivyo leo. Je, nitaweza kuishi nayo?

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia pia kwamba huenda siku moja nitahuzunika mbele ya kioo kwa sababu hiyo, na kwamba nimelijua hilo kabla, na kwamba safari hii nimewaambia na watu wangu.

Aliinuka akaja upande wangu wa meza. Alizipapasa ndewe za masikio yangu moja baada ya nyingine, pale palipotobolewa kwa ajili ya hereni nikiwa mtoto, akizibonyeza kwa kidole gumba kutafuta uvimbe wa kovu, kwa kuwa watu ambao makovu yao huota na kukua hawafai kukatwa sikioni. Hakupata kitu. Akalikunja sikio la kushoto mbele, akatazama nyuma yake, akalikunja la kulia.

"Unalalia upande gani?"

"Wa kulia."

"Basi tutachukua la kushoto," alisema, akarudi kukaa na kuanza kuandika.